Kuwa na Mawazo, Kupoteza Mawazo: Lugha ya Msongo na Afya ya Wanafunzi wa Vyuo Vikuu

Mwanafunzi wa chuo kikuu anayefika katika zahanati ya chuo majuma mawili kabla ya mitihani, aghalabu, hasemi kwamba ana msongo wa mawazo. Husema kichwa kinamgonga, tumbo linawaka moto, hapati usingizi, au ana presha. Jioni, bwenini, rafiki akimuuliza mbona amenyong'onyea, hujibu kwa maneno mawili: "Nina mawazo." Kauli hizo zinahusu jambo moja, lakini katika jalada la zahanati huingia ile ya kwanza tu, nayo hutibiwa kwa vidonge vya maumivu na kipimo cha malaria. Makala hii inaeleza uhusiano baina ya msongo, mbinu za kuukabili na afya ya mwanafunzi kwa kuanzia kwenye maneno hayo. Mifano yake ya lugha inatoka zaidi katika Kiswahili cha vyuo vya Tanzania.

Neno msongo limetokana na kitenzi songa. Ugali husongwa, nywele husongwa, na mafundi wa umeme husema njia ya msongo wa kilovolti 400. Kotekote kuna nguvu inayobana na kitu kinachobanwa. Kijalizo "wa mawazo" ndicho kilicholifungia neno hilo kichwani, ilhali dhana yenyewe haikuanzia huko. Hans Selye, katika andiko lake fupi la mwaka 1936, alieleza miili ya panya waliopatwa na baridi, majeraha au sumu: tezi zilizobadilika ukubwa na matumbo yaliyopata vidonda. Istilahi yetu imechukua nusu ya dhana. Nusu ya pili imehifadhiwa na msemaji wa kawaida anaposema presha, neno la mkopo lisilopendwa na wasanifishaji, lakini lenye fadhila ya kutaja hofu ya mtihani na shinikizo la damu kwa pumzi moja. Lina hatari yake pia. Tabibu akiuliza "Una presha?" huenda anauliza ugonjwa, na mwanafunzi akajibu hofu.

Kwamba mwili unahusika si suala la taswira tu. Mtu anapohisi tishio, ubongo huziamrisha tezi zilizo juu ya figo zitoe adrenalini na kortisoli. Moyo huenda mbio, sukari huongezeka katika damu, na umeng'enyaji wa chakula hupunguzwa. Kwa saa chache hali hiyo humfaa mtahiniwa. Ikidumu kwa majuma, kinga hudhoofu. Ushahidi ulio wazi ulitolewa mwaka 1998 na Phillip Marucha na wenzake nchini Marekani. Wanafunzi 11 wa udaktari wa meno walikubali kutiwa kidonda kidogo kwenye kaakaa gumu mara mbili: wakati wa likizo ya kiangazi, kisha siku tatu kabla ya mtihani mkubwa. Kidonda cha wakati wa mtihani kilichelewa kupona kwa wastani wa siku tatu, yaani muda ulizidi kwa asilimia 40. Walikuwa watu walewale, vijana wenye afya.

Hata hivyo, si kila aliye mbele ya mtihani huugua. Lazarus na Folkman (1984) walieleza kwamba mengi hutegemea tathmini ya mtu mwenyewe: nini kiko hatarini, na ana uwezo gani wa kulikabili jambo hilo. Walizitenga mbinu zinazolenga tatizo na zile zinazolenga hisia. Hapo mfasiri wa Kiswahili hufanya zaidi ya kutafsiri. Kukabili ni kukigeuzia kitu uso. Kustahimili na kuvumilia ni kukibeba. Anayeandika katika mwongozo wa ushauri nasaha kwamba mwanafunzi ajifunze "kustahimili msongo" amekwisha kumchagulia mbinu kabla ya kumsikiliza.

Wanafunzi wenyewe wana msamiati mpana zaidi. Wapo wanaojikaza, wanaopiga moyo konde, wanaomwaga ya moyoni kwa rafiki. Wapo wanaopotezea, yaani wanaoliacha jambo lipite kana kwamba halikuwapo. Na wapo wanaotafuta kupoteza mawazo, kwa pombe, kwa kubeti au kwa kukesha na simu. Sarufi ya kauli hii ya mwisho inastahili kuangaliwa: yambwa ya kitenzi ni mawazo, si kilichoyaleta. Bumu, yaani fedha ya kujikimu, likichelewa, huendelea kuchelewa baada ya chupa kuisha. Lakini Lazarus na Folkman hawakudai kwamba kundi moja la mbinu ni bora daima. Aliyefiwa na mzazi hana tatizo la kutatua, na subira inamfaa. Mwenye sapu, au anayehofia kudisko, bado ana mlango wa mhadhiri wa kubisha, na wosia wa "mvumilivu hula mbivu" unaweza kumweka nje ya mlango huo hadi tarehe ipite. Anayejikaza kwa vidonge naye hujiongezea mzigo: diklofenaki na aspirini za kila siku hudhuru ukuta wa tumbo, na anachokiita vidonda vya mawazo huenda kikawa vidonda vya dawa.

Zana za upimaji haziko nje ya suala hili. Hojaji ya PHQ-9, inayotumiwa kupima sonona, huulizia usingizi, uchovu na hamu ya kula. Haiulizii kichwa wala tumbo, na tafsiri ya Kiswahili, hata ikiwa sahihi kabisa, hurithi kimya hicho. Zimbabwe ilianzia upande wa pili. Vikram Patel na wenzake waliunda hojaji ya Kishona yenye maswali 14 kutokana na maneno ya wagonjwa, na swali la kwanza linahusu kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Hojaji hiyo ndiyo inayotumiwa na mpango wa Benchi la Urafiki ulioasisiwa na Dixon Chibanda mjini Harare, ambao hatua yake ya kwanza huitwa kuvhura pfungwa, kufungua fikra. Mgonjwa hutaja matatizo yake, huchagua moja, na hutafutiwa njia ya kulitatua pamoja na mhudumu. Ni kinyume cha kupoteza mawazo.

Kuiga swali hilo kwa Kiswahili kuna mtego. Mawazo ni mali katika semina na ni mzigo bwenini, na umbo la nomino halitofautishi. Kinachotofautisha ni nafasi yake katika sentensi: mtu hutoa mawazo semina, ilhali bwenini mawazo humjaa, humzidi, humnyima usingizi. Swali la zahanati lingepaswa kuifuata sarufi hiyo, mawazo yakiwa kiima na mwanafunzi akiwa yambwa: "Katika majuma mawili yaliyopita, je, mawazo yamekuzidi hadi kukunyima usingizi, au kukuumiza kichwa au tumbo?" Kisha lifuate la pili, fupi zaidi: "Umefanya nini?" Anayejibu "nimepotezea" na anayejibu "nimemwona mhadhiri" hawapaswi kuandikwa katika safu moja.