Butembo na Beni: Maji kung'aa haitoshi, yanapaswa kupimwa

Katika miji ya Butembo na Beni, Kivu ya Kaskazini, jamaa nyingi huteka maji kwenye chemchem zilizojengewa bomba chini ya vilima. Maji hayo ni baridi, hayana harufu, yanang'aa kwenye kikombe. Wengi huyanywa bila kuyachemsha. Lakini macho na ulimi si kipimo.

Maji ya chemchem huanzia juu. Mvua ikinyesha kilimani, sehemu yake huzama ardhini, hupita chini ya mashamba, mazizi na vyoo, kisha hutokea bondeni. Njiani yanaweza kubeba hatari mbili, na kila moja ina dawa yake.

Hatari ya kwanza ni vijidudu kutoka vyooni. Tangu Oktoba 2014, mauaji katika eneo la Beni yamewafukuza wakulima wengi vijijini. Waliokimbilia mijini wanabanana kwenye viwanja vidogo, na vyoo vinachimbwa karibu na maji. Ushauri wa kawaida ni choo kikae angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani (OMS) linataka mililita 100 zisiwe hata na kijidudu kimoja cha E. coli. Hapa kuchemsha ama kutia klorini kunasaidia.

Hatari ya pili ni nitrati. Milima ya Butembo inalimwa viazi, maharagi na mboga. Upande wa Beni kuna kakao na kahawa. Mbolea ikizidi ile mimea inayoweza kutumia, iwe ya dukani ama samadi, nitrati hushuka na mvua. Vyoo pia huiongeza. OMS imeweka mpaka wa miligramu 50 kwa litre. Kupita hapo, mtoto mchanga anayekorogewa maziwa kwa maji hayo anaweza kukosa hewa ya kutosha katika damu yake. Na kuchemsha hakuondoi nitrati: maji hupungua kwa mvuke, yenyewe hubaki sufuriani.

Kwa hiyo mama anayechemsha maji kila jioni anaweza kuwa amemaliza hatari moja tu. Bila kupima, hajui anapambana na ipi.

Kupima nitrati si kazi ngumu. Kikaratasi maalum huchovywa majini na rangi yake husomwa baada ya dakika chache. Vijidudu huhitaji kifaa chenye joto na karibu siku nzima. Kupima mara moja hakutoshi, kwani mvua hubadilisha maji: inafaa kupima wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, kuandika tarehe na matokeo, kisha kuyabandika kwenye chemchem ili wanaoteka wayasome.

Wakaaji wa miji hii wanajua maana ya kipimo. Wakati wa Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, joto la mwili lilipimwa kwenye kila kizuizi. Ugonjwa huo uliua watu zaidi ya 2,200.

Katiba ya 2006, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 nayo inahusu ulinzi wa vyanzo. Wakati vipimo vikisubiriwa, kamati za chemchem zinaweza kuanza na hili: kuzungusha uzio, na kukataza shamba ama choo kipya juu ya chanzo.