Ziwa moja, nchi nne: kufundisha watoto wadogo jiografia kwa mikono



Watoto wetu wengi wanajua safari ndefu kabla ya kujua kusoma. Kuna ambao wazazi wao waliishi kambini Nyarugusu, Tanzania, na wakarudi kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka kuanzia Oktoba 2005. Kuna watoto wa wakimbizi Warundi waliopokelewa Lusenda tangu 2015 na Mulongwe tangu 2017. Kuna walioshuka kutoka milimani kwa sababu ya vita. Mara nyingi mtoto wa namna hii husikia jina la mahali pamoja na habari mbaya: huku tulifukuzwa, kule kuna adui. Tukimfundisha jiografia vizuri, atajua pia kwamba mahali hapo pana maji, soko, na watoto kama yeye.

Kazi hii haihitaji vitabu wala pesa. Inahitaji udongo, mawe, maji na chungwa.

Pande nne za dunia

Asubuhi, watoto wa Baraka wasimame wakitazama jua linapotoka. Mbele yao ni mashariki: rasi ya Ubwari, na ng'ambo ya ziwa ni Burundi. Mgongoni ni magharibi, upande wa milima. Mkono wa kushoto ni kaskazini, kwenye njia ya Uvira. Mkono wa kuume ni kusini, kuelekea Kalemie. Kigoma iko kati ya mashariki na kusini. Mwalimu ataje mji, watoto waelekeze kwa kidole.

Ziwa la udongo

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 670 hivi. Tukihesabu hatua moja kwa kilometa 100, watoto watachimba mfereji wa hatua karibu saba kwa urefu, lakini nusu hatua tu kwa upana. Waweke jiwe kwa kila mji: Bujumbura kwenye ncha ya kaskazini, Uvira karibu yake, kisha Baraka, Kigoma, Kalemie, na Mpulungu ya Zambia kwenye ncha ya kusini. Kutoka Baraka hadi Kigoma ni hatua moja hivi. Halafu wamwage maji.

Sasa waulizwe: maji haya ni ya nani? Ni ya nchi nne: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Mto Ruzizi unayaleta kutoka Ziwa Kivu, na Malagarasi kutoka Tanzania. Yanatoka Kalemie kwa mto Lukuga, yanaingia Lualaba, yanapita Kinshasa, na mwisho yanafika Bahari ya Atlantiki. Watoto wachore njia hiyo ardhini kwa kijiti. Waelezwe pia kwamba kwa kina, ziwa letu linashindwa na moja tu duniani, Baikal ya Urusi.

Dunia ni kama chungwa

Chukueni chungwa, mlizungushie mstari wa makaa katikati. Huo ni ikweta, na sisi tuko chini yake kidogo. Usiku, mtoto mmoja ashike tochi, mwingine azungushe chungwa polepole. Wataona kwamba upande mmoja ukipata mchana, mwingine una usiku. Ndiyo maana saa sita mchana ya Baraka ni saa tano huko Kinshasa.

Mambo ya kuangalia

Katika Fizi, ramani inaweza kuleta ugomvi. Mtu mzima akiona mistari na mawe, anaweza kufikiri kwamba mashamba yanapimwa. Kwa hiyo, kabla ya kuanza, elezeni wazee na viongozi wa mtaa kusudi la mchezo huu. Ramani ya mtoto si hati ya shamba.

Tena, msiandike majina ya makabila, wala msichore mipaka ya vijiji. Anzeni na vitu vinavyotumiwa na wote: mto, njia, soko, shule, kituo cha afya. Mtoto wa Mbembe, wa Mnyamulenge, wa Mbuyu na wa Mfuliiru wachimbe ziwa moja pamoja.

Mwisho, msimlazimishe mtoto aonyeshe alikotoka. Akitaka kuweka jiwe la kijiji chake, aliweke, na wengine wamsikilize. Akinyamaza, aachwe, apewe kazi ya kumwaga maji.

Viongozi, tunawaomba mtenge mahali penye kivuli na saa moja kila juma. Wazazi, mtoto akirudi nyumbani, mwulizeni maji ya ziwa yanakwenda wapi. Akiweza kuyafuata mpaka baharini, ameshajua kwamba watu wa mbali na wa ng'ambo ni jirani zake kwa maji.