Daktari Wako wa Meno Naye Bado Yuko Darasani

Jino likianza kuuma usiku, mtu huomba kupambazuke upesi afike hospitalini. Akiamka alfajiri, akapanda matatu, akafika na kuambiwa kwamba daktari wa meno yuko Nairobi kwenye semina hadi Ijumaa, hasira humpanda, na ana haki ya kukasirika. Hospitali nyingi za kaunti ndogo zina daktari mmoja tu wa meno. Akiondoka siku tatu, kiti chake hukaa tupu siku tatu.

Semina hiyo, hata hivyo, si safari ya starehe. Ni sharti la kazi. Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya mafunzo ya aina hiyo sasa hufanyika mtandaoni, na daktari anaweza kuyafuata jioni baada ya kuhudumia foleni. Kwa kuwa huduma za afya ziko chini ya kaunti kulingana na Jedwali la Nne la Katiba, ni vyema mkaazi aelewe mafunzo haya ni nini, yanamsaidiaje yeye mgonjwa, na ni wapi hayatoshi.

Daktari wa meno husoma chuo kikuu kwa miaka mitano, kisha hufanya kazi mwaka mmoja hospitalini chini ya uangalizi kabla ya kuruhusiwa kujitegemea. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuwafunza madaktari wa meno mwaka 1974, na baadhi ya waliopitia hapo miaka ya mwanzo wamekwisha kustaafu. Shahada aliyopata mtu haifutiki. Leseni ya kazi ndiyo yenye kikomo: chini ya Sheria ya Madaktari na Madaktari wa Meno, Sura ya 253, hutolewa kwa mwaka na kuisha tarehe 31 Desemba. Inayotoa leseni ni KMPDC, yaani Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Ili aipate tena, daktari ni lazima aonyeshe kwamba katika mwaka uliopita aliendelea kusoma. Kila kozi iliyoidhinishwa ina alama zake, na alama hizo hujumlishwa. Asiyetimiza hana leseni, na kutibu watu bila leseni ni kosa la jinai.

Kozi za mtandaoni ni za namna mbalimbali. Kuna mihadhara ya moja kwa moja, ambapo mtaalamu anafundisha akiwa Nairobi, Eldoret au ng'ambo, na madaktari waliotawanyika nchini wanamsikiliza kwenye simu au kompyuta na kumuuliza maswali. Kuna masomo yaliyorekodiwa ambayo mtu huyatazama kwa wakati wake kisha hufanya mtihani mfupi. Kuna pia vikao vya kujadili wagonjwa: daktari wa kijijini anaonyesha picha ya eksirei ya jino lililomshinda, na wenzake wanamshauri. Kwa maoni yetu, namna hii ya tatu ndiyo yenye faida kubwa kwa mkaazi wa mbali, kwa sababu ushauri unarudi moja kwa moja kwa mgonjwa halisi anayesubiri.

Lakini je, kuna kipya gani cha kujifunza kuhusu jino? Jino ni lile lile. Kinachobadilika ni dawa, vifaa na ushahidi. Chukua mfano wa kuziba jino kwa madini ya rangi ya fedha, yanayoitwa amalgamu. Karibu nusu ya uzito wa mchanganyiko huo ni zebaki. Madaktari wengi wanaofanya kazi leo walifundishwa kuutumia kwa kila mtu. Kenya ni mwanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, na mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana kwamba amalgamu isitumike kwa watoto walio chini ya miaka 15, wajawazito na akina mama wanaonyonyesha, isipokuwa daktari aone ni lazima kwa mgonjwa husika. Mwaka 2025 zilikubaliana iachwe kabisa ifikapo 2034. Daktari aliyehitimu mwaka 2005 na asiyesoma lolote tangu hapo hawezi kuyajua haya kwa kukumbuka tu. (Kama wewe una jino lililozibwa hivyo na halikusumbui, usikimbilie kulitoa. Kulichokonoa ndiko kunakotoa mvuke mwingi wa zebaki kuliko kuliacha.)

Mfano wa pili unatugusa karibu sote. Jino likiuma, wengi wetu hupitia kwa duka la dawa na kununua vidonge vya amoksilini, na kwa miaka mingi hata baadhi ya madaktari waliandika antibiotiki kwa kila maumivu ya jino. Mwaka 2019 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitoa mwongozo kwamba, kwa mtu mzima mwenye afya ya kawaida anayeweza kutibiwa jino papo hapo, antibiotiki hazihitajiki kwa maumivu mengi ya jino. Kinachohitajika ni jino lenyewe kutibiwa, pamoja na dawa za kutuliza maumivu. Antibiotiki zina kazi maambukizi yanapoanza kusambaa, kwa mfano ukipata homa au uvimbe unaoenea usoni. Basi daktari akikataa kukuandikia antibiotiki, usidhani amekunyima. Huenda ametoka darasani wiki jana. Na ukiona uso umevimba, unashindwa kumeza au kupumua vizuri, hiyo ni dharura. Usingoje zamu ya daktari wa meno, nenda hospitali usiku huo huo.

Kwa watoto kuna mabadiliko ya kufurahisha zaidi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliongeza katika orodha yake ya dawa muhimu dawa ya meno yenye floridi, saruji nyeupe ya kuzibia inayotoa floridi, na maji ya floridi yenye madini ya fedha ambayo hupakwa kwenye jino lililooza ili kuzuia uozo usiendelee. Haya maji hayahitaji sindano wala mashine. Hulifanya tundu la jino kuwa jeusi, na mzazi asipoelezwa mapema atadhani mtoto ameharibiwa. Kumweleza mzazi ni sehemu ya yale yanayofundishwa.

Kuna pia njia ya kuondoa uozo kwa vifaa vya mkono tu na kuziba jino bila umeme. Njia hiyo haikutoka mbali: ilibuniwa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya vijiji visivyo na stima wala mashine. Zahanati zetu za mbali zinaihitaji hadi leo.

Hapa ndipo tufike kwenye mpaka wa mtandao. Daktari anaweza kujifunza kwenye skrini kwa nini, lini na kwa nani njia fulani itumike. Mkono haufundishwi na skrini. Kusafisha mzizi wa jino, kupasua ufizi, kumzindua mgonjwa aliyezimia kitini, haya yote yanataka mtu asimame karibu na mkufunzi na kufanya, kukosea na kurekebishwa. Ndiyo maana safari za semina hazitaisha kabisa, na si vizuri ziishe. Linalofaa ni nadharia isomwe kutoka kituoni, na safari ibaki kwa yale ya mikono. Siku tatu za kiti kitupu zinaweza kuwa moja.

Mtandao una udhaifu mwingine ambao hatutauficha. Mtu anaweza kuwasha mhadhara, akaiacha simu mezani na kwenda kunywa chai, kisha akapata cheti. Kozi nyingine hulipiwa na kampuni zinazouza bidhaa ile ile inayosifiwa katika somo. Ndiyo sababu cheti chochote cha mtandaoni hakitoshi, ila kile cha mtoaji mafunzo anayetambuliwa na Baraza. Tena bando na ada mara nyingi hutoka mfukoni mwa daktari mwenyewe, na aliye mahali ambapo mtandao hukatika mvua ikinyesha ana kibarua kigumu kuliko mwenzake wa mjini.

Tena kozi za ng'ambo hazijui mazingira yetu. Somo lililotungwa Uingereza litamwambia daktari kwamba floridi katika maji hulinda meno, nayo ni kweli kwa kiasi kidogo. Lakini katika sehemu za Bonde la Ufa, visima vingine vina floridi inayopita kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na watoto wanaokunywa maji hayo meno yao hutoka na madoa ya kahawia ambayo mswaki hauwezi kuyaondoa. Kuyachemsha maji hayo hakusaidii, floridi hubaki. Vivyo hivyo, hakuna kozi ya London itakayomfundisha daktari jinsi ya kuzungumza na nyanya anayeamini kwamba mjukuu anaharisha kwa sababu ya “meno ya plastiki”, na kwamba lazima ufizi uchimbwe. Vile vinavyoonekana kama meno mabaya ni meno ya kawaida ambayo bado hayajatoka. Mtoto akichimbwa hupata vidonda na maambukizi, huku kuhara kwenyewe hakujatibiwa. Masomo ya namna hii yanafaa kutungwa na madaktari wa hapa, na yapo wanaoyatunga.

Sasa upande wako. Daktari akitaka kupiga picha kinywa chako ili ajadili tatizo lako na wenzake mtandaoni, ni lazima akuombe ruhusa na akueleze picha itaonwa na nani. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Unaweza kukubali, unaweza kukataa, na ukikataa hutanyimwa matibabu. Tunakuhimiza ufikirie kukubali, mradi jina na uso wako visionekane, kwa kuwa mara nyingi ndiyo njia ya haraka ya kupata jibu bila wewe kupewa rufaa ya safari ndefu.

Una haki pia ya kujua kama anayekushika jino ana leseni ya mwaka huu. Muulize jina lake kamili kama lilivyosajiliwa, kisha litafute katika sajili iliyo kwenye tovuti ya KMPDC. Haigharimu chochote ila bando kidogo, na usipokuwa na simu ya intaneti, mwombe kijana wa nyumbani au promota wa afya ya jamii akutazamie. Kliniki yenyewe nayo huwa na leseni yake, tofauti na ya daktari, na inapaswa kuwekwa mahali inapoonekana. Anayetengeneza meno ya bandia si lazima awe daktari wa meno, kwa hiyo uliza ni nani atakayekung'oa na ni nani atakayekutengenezea. Anayezunguka sokoni na koleo mfukoni hana jina katika sajili yoyote, hata kama bei yake ni nafuu.

Ukihisi hukutendewa sawa, anza kwa msimamizi wa hospitali, kwa maandishi, ukitaja tarehe na huduma uliyopewa, na ubaki na nakala. Usiporidhika, malalamiko yanaweza kupelekwa KMPDC, ambayo ina kamati ya nidhamu na maadili ya kuyasikiliza. Na kabla hujafunga safari kwenda kliniki ya meno, piga simu hospitalini uulize kama daktari yuko zamu siku hiyo.