Mwaka 1985 na mapinduzi mawili ya jino

Septemba 1985, katika Chuo Kikuu cha Zurich, Uswisi, mgonjwa wa kwanza alizibwa jino kwa kipande cha kauri kilichochongwa papo hapo na mashine inayoongozwa na kompyuta. Daktari Werner Mörmann na mhandisi Marco Brandestini walikuwa wamebuni kamera ndogo ya kuingia mdomoni, inayopima tundu na kuipa mashine vipimo vyake. Mfumo huo waliuita CEREC.

Aliyewahi kutengenezewa kofia ya jino kwa njia ya zamani anajua kwa nini jambo hilo lilikuwa kubwa. Unang'atishwa uji mzito wa kuchukua umbo la meno, unaojaa mdomo hadi kichefuchefu kinakuja, unavalishwa kofia ya muda, vipimo vinapelekwa kwa fundi wa maabara, nawe unarudi baada ya wiki moja au mbili, ukiomba Mungu ikae sawa. Leo, katika kliniki kubwa za Dar es Salaam na Nairobi, skana inapitishwa juu ya meno kwa dakika chache na umbo lote linaonekana kwenye skrini. Printa za 3D zinatengeneza meno ya bandia, na pia vifaa vya kumwongoza daktari mahali hasa pa kutoboa mfupa anapopandikiza jino.

Picha nazo zimebadilika. Mjerumani Otto Walkhoff alipopiga eksirei ya kwanza ya meno mwaka 1896, akitumia meno yake mwenyewe, ilimbidi atulie dakika 25. Siku hizi ni chini ya sekunde moja, na programu za akili mnemba huichambua picha hiyo na kuonyesha kwa rangi mahali palipoanza kuoza. Marekani iliruhusu programu za aina hiyo kutumika kliniki mwaka 2022. Ni msaada wa kweli kwa daktari aliyechoka jioni, ila programu haiwezi kusoma picha ambayo haikupigwa.

Na kwetu nyingi hazipigwi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2022 ilisema watu wapatao bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa, na kwamba kanda ya Afrika ina madaktari wa meno takriban 3.3 kwa kila watu 100,000. Hao wachache nao wengi wako mijini. Mwanakijiji anavumilia, anasukutua kwa maji ya chumvi, anameza vidonge vya maumivu, na siku anapofika kituo cha afya dawa iliyobaki ni koleo.

Ndiyo maana nayaona mapinduzi ya pili kuwa makubwa zaidi, nayo yalianza hapa nyumbani. Katikati ya miaka hiyohiyo ya 1980, Mholanzi Jo Frencken, akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alianza na wenzake kujaribu kuziba meno bila mashine. Mashine ya kuchonga jino inataka umeme, hewa ya kusukumwa, maji na vipuri, na kimoja kikikosekana kiti kizima cha daktari wa meno kinabaki pambo. Wao walikwangua sehemu laini iliyooza kwa vifaa vya mkono, wakaacha jino zima kadiri ilivyowezekana, kisha wakaziba. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Njia hiyo inajulikana duniani kwa kifupi cha ART, na tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, WHO ilianza kuipigia debe.

Asiyeona mashine atasema hiyo si teknolojia. Utaalamu wake umo kwenye kijazio, hasa kile kiitwacho glasi ayonoma: kinashikana na jino chenyewe na kutoa floraidi taratibu. Mwaka 2021 WHO ilikiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya maji iitwayo silva daiamini floraidi. Hii ya pili hupakwa tu kwa brashi ndogo. Madini ya fedha yaliyomo huua bakteria, floraidi huimarisha jino, na uozo mara nyingi husimama. Kasoro yake ni kwamba sehemu iliyooza hubaki nyeusi, jambo linalowachukiza wazazi wengi. Mimi ningechagua doa jeusi kwenye jino la utotoni kuliko mtoto kushikwa mikono na miguu ang'olewe.

Yapo na ya kusubiri. Japani, mwaka 2024, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kyoto ilianza kuijaribu kwa watu dawa inayolenga kuotesha meno mapya. Majaribio yalianza kwa kupima usalama, kwa hiyo mapengo yetu yawe na subira.

Halmashauri inayopanga kununua kiti cha kisasa ianze kwa kuhakikisha zahanati zake zina vijazio na watu waliofunzwa kuvitumia. Nawe mzazi, ukiambiwa jino la mwanao ling'olewe, uliza kwanza: je, haliwezi kuzibwa au kupakwa dawa? Na usingoje liume ndipo umpeleke.