Kafi na Kasia

Watoto, simameni kando ya mto hapa Kisangani, karibu na maporomoko ya Wagenia. Hapo ndipo yanapokwisha maporomoko saba ya Boyoma, yanayoanzia Ubundu, kilometa 100 hivi kutoka hapa. Mtazameni Mgenia katika mtumbwi wake. Amesimama, ameshika kafi refu, uso wake unatazama mbele. Akiona jiwe au mkondo mkali, hugeuza mtumbwi mara moja. Kazi hiyo twaiita kupiga kafi.

Iko kazi nyingine ya majini, nayo ni kuvuta makasia. Kafi halikufungwa mahali. Kasia huegemea chuma kilicho ubavuni mwa mashua. Mpiga kafi hutazama aendako. Mvuta makasia huketi na kukupa kisogo kule aendako. Huona tu maji aliyokwisha kuyapita.

Watu wengine hushindana kwa kazi hiyo. Mashua ya mtu mmoja ina urefu wa meta 8 hivi, lakini ni nyembamba sana, na uzito wake ni kilo 14 tu. Kiti chake kina magurudumu madogo. Mvutaji hukunja magoti, huingiza makasia mawili majini, kisha husukuma kwa miguu, na kiti hurudi nyuma. Kwa hiyo nguvu kubwa hutoka miguuni, si mikononi. Kasia moja likiingia vibaya, mashua huweza kupinduka.

Mtu huanza kujifunza katika chama. Mara nyingi watu wanane huvuta pamoja, kila mmoja na kasia lake, na wa tisa hushika usukani. Huyo peke yake ndiye anayetazama mbele. Wote wavute kwa pamoja. Mmoja akichelewa, mashua nzima hupunguza mwendo. Walio hodari huchaguliwa kushindana kwa jina la nchi yao.

Kathleen Noble ni mmoja wao. Alizaliwa Uganda, na wazazi wake walitoka Ireland. Kwanza alikuwa mwogeleaji, na mwaka 2012 aliogelea kwa jina la Uganda katika mashindano ya dunia. Baadaye alikwenda Marekani kusoma katika chuo kikuu cha Princeton. Huko ndiko alikojifunza kuvuta makasia, akiwa mtu mzima. Wengine walikuwa wamemtangulia kwa miaka mingi, lakini hakuona haya kuwa mwanafunzi tena.

Mwezi wa Oktoba 2019, wavutaji wa Afrika walishindana Tunis, katika Tunisia, kutafuta nafasi ya kwenda kwenye Michezo ya Olimpiki. Noble aliipata. Michezo ile ilikuwa ifanyike Tokyo mwaka 2020, lakini kwa sababu ya ugonjwa wa korona ilifanyika mwaka 2021. Kabla yake, hakuna mtu wa Uganda aliyepata kuvuta makasia katika Olimpiki.

Njia ya mashindano ni meta 2000. Emma Twigg wa New Zealand alishinda kwa dakika 7 na sekunde 13. Noble alikuwa wa 26 kati ya wanawake 32. Je, alishindwa? Hakupata nishani, ni kweli. Lakini katika mashindano hayo aliyeachwa nyuma siku ya kwanza haendi nyumbani. Huvuta tena siku nyingine, mpaka apate nafasi yake. Noble alivuta mpaka mwisho. Kisha, mwaka 2024, alishindana tena katika Olimpiki ya Paris.

Watoto, Mgenia hakujifunza kazi yake kwa siku moja, wala mvuta makasia hakujifunza yake kwa siku moja. Katika dakika 7 mtu huonyesha kazi ya miaka mingi. Anayejifunza leo asione haya kwa kuwa wengine wamemtangulia.

Maswali
1. Kafi na kasia vinatofautianaje?
2. Kwa nini mvuta makasia hutumia miguu sana?
3. Noble alifanya mchezo gani kwanza?
4. Mwaonaje: mtu wa 26 ameshindwa? Elezeni sababu.