Nywele Inahepa? Hesabu Nyuma Miezi 3

Kuna risto mamanzi wa Nai hawapiganga kwa sauti. Umekata kilo mpaka ile jinzi ya kitambo imeingia bila vita. Mbogi inakushow umeiva. Luku iko chonjo. Alafu asubuhi moja unachana nywele, kitana kinatoka na bunda. Ukioga, bunda. Mto wa kulalia, bunda. Usiku umesimama kwa kioo na tochi ya simu, unacheki kama ngozi ya kichwa imeanza kuonekana.

Na isiwe ati ni madem pekee. Kuna msee wa dredi anaona mizizi imekonda mpaka lok moja imebaki ikining'inia na uzi. Kuna buda amesota tangu amalize chuo, kinyozi anamuuliza, "Boss, hapa juu kumeendaje?"

Kitu ya kwanza kila mtu hufanya ni kulaumu ile mafuta alipaka wiki jana. Ama shampuu. Ama maji ya borehole. Ama manzi wa mtaa mwenye jicho mbaya. Wacha hizo. Nywele ikianguka leo, tafuta kitu ilikupata miezi 2 au 3 zilizopita. Hiyo ndio rada, na ukiishika vizuri utaokoa ganji na usingizi.

Vile hii mambo huenda

Kichwa ya binadamu iko na nywele kama 100,000, na kila moja iko na ratiba yake. Inamea kwa miaka 2 hadi 6. Ikimaliza inapumzika kama miezi 3, inaanguka, na ingine inachomoka hapo hapo kwa shimo yake. Saa hii unasoma hii stori, kama nywele 9 kati ya 10 kwa kichwa yako ziko kazi na moja imelala. Ndio maana kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida kabisa.

Sasa mwili ukipata mshtuko, nywele mob zinaacha kumea pamoja na kuenda kulala. Hutajua, juu hiyo siku hakuna inaanguka. Zinakaa tu hapo kichwani zikikudanganya kila kitu iko sawa, mpaka zile wiki zake ziishe. Alafu zinatoka zote na mpigo. Madaktari huita hii kitu telojeni efluviamu, na daktari wa ngozi wa Marekani, Albert Kligman, ndiye aliipea hiyo jina 1961.

Mbona mwili uchezee nywele? Juu nywele si lazima. Mwili hufikiria kama mathe doh ikikauka kwa nyumba: anakata waifai kwanza, unga hagusi. Moyo na ubongo ndio unga. Nywele ni waifai.

So wewe ukiamua utakunywa maji ya ndimu asubuhi, tufaha moja saa saba, na usiku ulale njaa, mwili hauoni ati unatafuta umbo. Unaona njaa imeingia mtaa. 1945 huko Minnesota, Marekani, mwanasayansi Ancel Keys aliweka wanaume 36 kwa dishi ya kama nusu ya ile walikuwa wamezoea, miezi 6. Walikuwa majamaa wazima, wamejitolea wenyewe. Walikonda, wakaanza kuota msosi usiku, na nywele zikaanza kuwatoka.

Hata hizi sindano za kupunguza mwili ziko kwa hiyo laini. Kwa majaribio ya Wegovy, moja ya hizo sindano, watu wazima 3 kati ya 100 walisema nywele zinawatoka, na kwa wale walidungwa maji tu ilikuwa 1 kati ya 100. Shida kubwa huwa ni ile spidi kilo zinaenda nayo, na ile njaa imezimwa mpaka mtu anasahau kula. Ukikata nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, mwili hauna haja ya kushtuka. Ukikata kilo 10 kwa mwezi ndio uingie harusi ya beshte, jua bili itakupata picha za harusi zishatoka.

Stresi nayo?

Stresi si maneno tu. 2021 wanasayansi wa Harvard walionyesha kwa panya vile homoni ya stresi inafanya seli za kuotesha nywele zikae usingizini muda mrefu zaidi. Kwa binadamu bado wanachimba, lakini madaktari wa ngozi wameona hii kitu miaka mingi: mtu anazika mzazi, ama anafutwa wera, ama anaachwa akiwa na mtoto mchanga, na miezi 3 baadaye kitana kinajaa.

Na si stresi na njaa pekee. Homa kali hufanya hivyo pia: malaria, taifodi, dengi ile ya Coast, na Korona ilishow watu wengi mambo. Opresheni kubwa. Kuzaa ndio noma zaidi. Kuna wamathe husema mtoto akianza kucheka na kujua mamake, nywele za mama zinatoka. Wanamlaumu mtoto bure, lakini kalenda yao iko sawa: mtoto huanza kucheka na kuzoea sura kitu miezi 2 au 3, na huo ndio wakati nywele zilizokuwa zimeshikiliwa na homoni za mimba zinaachilia. Wengi hurudi sawa kabla mtoto afikishe mwaka.

So chukua kalenda. Rudi nyuma miezi 3. Kulikuwa na nini? Mara nyingi jibu litajitokeza lenyewe.

Usipanikie bunda la kufumua

Hii iwaingie wale wa rasta na mistari. Ukisuka, zile nywele 50 hadi 100 za kila siku haziwezi anguka, zimeshikwa ndani. Ukikaa na rasta wiki 6, hiyo ni siku 42. Piga hesabu: nywele 2,100 hadi 4,200 zinakungoja siku ya kufumua. Hilo bunda likitoka, usilie. Ni deni ya wiki 6 imelipwa siku moja. Na kuosha nywele hakuangushi kitu. Maji inatoa tu zile zilikuwa zishaachilia. Wale huacha kuosha kichwa wakiogopa wanajiongezea mba tu.

Cheki ile nywele imetoka. Iko na kadoti keupe kwa mwisho? Hiyo ilikuwa imelala na imetoka na mzizi wake. Haina kadoti, ni fupi, imekatika katikati? Hiyo ni kuvunjika, na hapo ulize kemikali, pasi na blowdraya. Hizo ni kesi mbili tofauti.

Dishi kwanza, chupa baadaye

Nywele yenyewe ni protini. Mtu wa kilo 60 anahitaji angalau gramu 48 za protini kwa siku, na ukiwa unakata kilo inafaa upande kidogo. Yai moja ni kama gramu 6. Kikombe ya madondo zimeiva ni kama gramu 15. Kwa hivyo usiseme kula fiti ni ya wadosi wa Kile. Mayai boilo mbili asubuhi, madondo ama ndengu saa saba, omena na managu jioni, na bado mwili utapungua kama umekata soda, chipo na mandazi za saa nne.

Alafu kuna chuma, madini ya damu. Manzi mwenye periodi nzito na amekata nyama huishiwa haraka. Maini, nyama, omena, madondo na mboga za kienyeji ziko nayo. Shida ya Wakenya ni chai. Chai ya rangi ama ya maziwa ukiteremshia msosi inazuia chuma kuingia kwa damu, haswa ile ya mboga na madondo. Kunywa chai saa moja ama mawili mbali na chakula. Na kamulia mboga limau ama ule chungwa, juu vitamini C inasaidia chuma kuingia.

Ukienda hosi, omba wapime damu, lakini usiishie kwa ile ya kawaida. Kuna kipimo cha feritini, kinaonyesha chuma umeweka akiba. Unaeza kuwa na damu inasoma sawa na akiba imeisha. Waulize pia kuhusu thairoidi, ile tezi ya shingo. Ikilala ama ikichangamka sana, nywele huanguka. Usibuye tembe za chuma bila kupimwa. Chuma ikizidi mwilini inadhuru.

Hizo chupa za kwa TikTok

Biotini. Kila mtu ananunua biotini. Ukweli ni kwamba wasee wanaokosa biotini kihalisi ni wachache sana, na kama huikosi, kuongeza haitakuotesha kitu. Mbaya zaidi, biotini nyingi inachanganya vipimo vya damu. 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo juu ya hiyo, hadi vipimo vya moyo vinaeza soma uongo. Kama unaimeza, mwambie daktari kabla akutoe damu. Vitamini A ikizidi pia inaangusha nywele, na seleniamu vile vile. Umenunua chupa ya kuzuia kuanguka, na chupa ndio inaangusha.

Maji ya kitunguu, maji ya mchele, rosmari, mafuta ya nyonyo? Nyonyo inalainisha na kupunguza kuvunjika, hiyo nakubali. Lakini hakuna mafuta inaeza amsha nywele kabla ya siku yake. Ile chupa ya Dubois Road itapewa sifa ya kazi muda ulifanya.

Saluni na kinyozi

Hii ndio time ya kupumzisha kichwa. Kama zile nywele za kando ya paji zimeanza kurudi nyuma, hiyo mara nyingi si njaa wala stresi, ni kuvutwa. Mistari ikikazwa mpaka nyusi zinapanda na unameza dawa ya maumivu ndio ulale, hiyo si urembo. Kenyatta Market wanaeza kukushika wasusi watatu kwa kichwa moja na umalize haraka, lakini mdomo ni yako: waambie walegeze. Msusi mzuri hatakasirika. Vile vipele vidogo kwa mizizi ni mwili unakataa. Ukiendelea kuvuta miaka na miaka, shimo hufa na haitarudi tena.

Matuta ya kulegea iko sawa. Wigi ya kutoa usiku iko sawa, bila gundi. Msee wa dredi, punguza kurudia mizizi kila wiki na usizifunge juu siku nzima. Na kama roho imechoka kuhesabu nywele, nyoa. Nai imejaa mamanzi wamekata fupi na wanawaka kinoma. Kunyoa hakuharakishi kumea, lakini kunakupea amani ukingoja.

Kungoja ni lazima. Ukitoa chanzo, kuanguka hupungua kwa miezi 3 hadi 6. Lakini nywele humea kama sentimita moja kwa mwezi, na zetu za kujikunja mara nyingi huenda polepole zaidi. Kwa hivyo kioo itachukua mwaka hivi kuamini. Dalili ya kwanza ni vile vinywele vifupi vinasimama mbele kama vimeshtuka. Ukiviona, shangilia, na usivipake jeli.

Hapa usikae nayo

Enda kwa daktari wa ngozi mapema kama unaona haya. Duara laini la upara, saizi ya shilingi: hiyo inaeza kuwa kinga ya mwili inashambulia nywele. Kukonda katikati ya utosi kunakopanuka, na kuwasha ama kuchoma: hiyo aina inaacha kovu, na kila mwezi unangoja ni shimo zinafungwa kabisa. Usaha, ama mapunye kwa mtoto. Periodi zimepotea. Nywele zimeanguka zaidi ya miezi 6 na hazionyeshi kupungua. Na wanaume, kama babu na fathe walikuwa na kipara cha juu na chako kinakuja mos mos, hiyo ni urithi, si stresi. Iko na matibabu yake na huanza mapema.

Kuna lingine. Kama unaogopa kula juu unaona bado wewe ni mnono hata nguo zinakuanguka, ama unatapika baada ya dishi, basi nywele ndio shida ndogo. Ongea na mtu. Msalaba Mwekundu wa Kenya wako na laini ya bure, 1199. Hakuna mtu atakucheka.

Nanyi mbogi, mkiona beshte nywele zimemkonda kichwani, acheni nyimbo za kipara ngoto. Hajui kesho yake itakuwaje, na huenda stresi ndio ilimleta hapo. Mpikieni. Mtu akiwa amekata kilo, msimsifu tu kwa kukonda; mulizeni anakula nini.

Na wewe unasoma hii na kitana mkononi: kula, pima damu, legeza mistari, lala mapema, na weka ganji ya chupa kwa mayai. Miezi 3 ijayo itakushow.