Tambi Tu!

"Tambi tu, ndizo zikuchelewesha hivi?" Ndiyo maneno niliyomtania mke wangu miaka na miaka, kila futari ikikawia. Ramadhani hii homa ikamlaza, nami nikaingia jikoni baada ya alasiri.

Tambi zenyewe huiva kwa dakika chache, si uongo. Lakini nazi nani aikune? Mbuzi yule ana meno mengi kuliko mimi! Nikakamua tui, nikaponda iliki, nikakaanga tambi mpaka zikawa nyekundu (za mwanzo ziliungua, paka ni shahidi), nikatia sukari na zabibu, nikapalia makaa juu ya kifuniko. Adhana ya magharibi ikanikuta ningali napepea moto. Nikafungua kwa tende.

Kutoka kitandani nikasikia, "Bwana, tambi tu hizo?" Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu homa imshike.